Lenah Aliyekaa Langoni

Ukisikia watu wa mtaa wetu wa Kibomet wakisema ati Lenah alimlaani Wabwile mwenye ploti, waambie Hawo amesema ni waongo. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na mlango wa chumba changu ulikuwa umelala kwenye matope. Lenah hakulaani mtu. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akaanza kuchagua maharagwe.

Lakini wacha nianze mwanzo, maana hii habari watu wameiharibu sana.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na sita, vinane huku na vinane kule, kuta za udongo, bati juu, uwanja katikati na lango moja la kuingia na kutoka. Choo kilikuwa kimoja, cha shimo, upande wa juu kwenye kona ya nyuma. Kisima kilikuwa chini yake. Sijui aliyejenga alikuwa na akili gani. Choo juu, kisima chini, halafu watu sabini na zaidi wanachota na kunywa. Asubuhi unapanga foleni na kopo lako mkononi, na ukichelewa basi siku yako imeharibika.

Mimi nimezaliwa Kitale hii hii, nyuma ya msikiti, ingawa kwa kuwa mimi ni Msomali mpaka leo kuna watu wananiuliza nilikuja lini kutoka Garissa. Huwa nawajibu nilikuja kabla yao. Mume wangu Abdinasir alikuwa kwenye malori ya Lodwar, tunamwona mara moja kwa mwezi akibahatika. Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi mjini, na kulea binti yetu Hibo. Tulikaa chumba namba tatu.

Lenah alikuwa namba saba. Mjane wa Kibukusu kutoka upande wa Bungoma, mrefu, mkavu, wa miaka kama hamsini na nane hivi. Sisi wote tulimwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha yao, hata wale ambao si wa kabila lake. Kila Jumatatu alikuwa anapanda gari kwenda Suam, mpakani, anarudi na maharagwe ya Uganda, wiki nzima anayauza sokoni. Alihamia pale mwaka wa tisini na nne, wakati ploti ilikuwa ya Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Mwaka wa elfu mbili na moja yule Mhindi akauza akaenda zake, na Wabwile wa Bungoma akanunua.

Mambo mawili yalitushinda kuhusu Lenah. La kwanza, tangu ploti iuzwe hakuwa anatumia choo chetu. Alikuwa anavuka barabara mpaka choo cha kanisani, mvua ikinyesha anakwenda na mwavuli. Sisi tukasema anajidai. La pili, Wabwile akija, Lenah anajifungia. Yule bwana alikuwa na mazoea ya kupiga honi mara tatu akifika langoni. Mimi nilidhani ni maringo ya pikapu. Kabla honi ya tatu haijaisha, utasikia komeo la namba saba limeingia.

Mwaka wa elfu mbili na tano, Aprili, mvua ilinyesha vibaya. Choo kikajaa mpaka kikaanza kufurika kwa nyuma. Maji ya kisima yakabadilika rangi, na sisi tukaendelea kuyachota kwa sababu hakuna mengine. Hibo wangu alishikwa na taifodi, nikakaa naye wodini siku tisa. Fridah wa namba moja alikuwa na mtoto wa miezi minane. Yule alianza kuhara Jumanne, na Alhamisi tukamzika. Daktari alisema ni maji.

Tulipotoka makaburini, watu wamekaa uwanjani, Lenah alisimama kwenye mlango wa choo akaanza kutembea kuelekea kisimani huku anahesabu hatua kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alifika kisimani kwenye kumi na nne. Akarudi akahesabu tena, sasa kwa nguvu zaidi, mpaka watu wa ploti ya pili wakachungulia. Halafu akasema kila chumba kitoe mtu mmoja Jumapili saa nane, na asiyetoa mtu atamfuata mwenyewe.

Hivyo ndivyo tulianza. Si mradi, si wazungu, si mheshimiwa yeyote. Lenah alikwenda kanisani akaomba ile sufuria kubwa ya matanga, ile ya kupikia wali wa waombolezaji, wakampa. Tukaanza kuchemsha maji ya ploti nzima humo, kwa zamu, chumba kimoja kila siku, kila mtu analeta kuni zake. Wakoli wa namba kumi na mbili, fundi wa mawe, alikataa ati hiyo ni kazi ya wanawake. Lenah akamwambia basi asinywe. Siku ya tatu Wakoli alikuwa amechutama mbele ya moto anapuliza, macho mekundu.

Kisha tukamwandikia bwana afya wa manispaa. Barua aliiandika Lenah mwenyewe kwa mwandiko wake wa darasa la saba, na vyumba vyote kumi na sita vikatia sahihi. Asiyejua kuandika alipakwa wino wa biro kwenye kidole gumba. Bwana afya alikuja na gamubuti, akachungulia choo, akatoka na leso puani. Akaandika ilani, akabandika nakala langoni. Choo kifungwe, na vyumba visikaliwe mpaka kichimbwe choo kingine mbali na kisima. Tulifurahi kama wajinga. Nilipika chai ya bure siku hiyo.

Ilani ile ilikuwa zawadi kwa Wabwile. Kumbe siku nyingi alikuwa anataka kutubomoa ajenge ghorofa ya kupangisha wafanyakazi wa serikali. Akashika yale maneno ya katikati peke yake, "vyumba visikaliwe", hayo mengine akayaruka. Nyongesa, mtumishi wake aliyekuwa akikusanya kodi, alizunguka mlango kwa mlango akisema serikali imeamua, siku saba, kila mtu atafute pa kwenda. Mimi niende wapi na mtoto ambaye miguu yake ilikuwa bado haina nguvu ya kumbeba? Fridah aliniambia amezika mtoto hapa na sasa anafukuzwa hapa, na hakulia akisema hivyo. Afadhali angelia.

Watu wakamgeukia Lenah. Barua ni ya nani? Ni yake. Nani alisema tuite serikali? Ni yeye. Na wa kwanza kumfokea nilikuwa mimi, sitaficha. Nilikwenda namba saba nikagonga kama polisi. Nikamwambia wewe ni hodari wa kuandika, lakini mwenye nyumba akija unaingia chini ya kitanda. Kama ni mwanamke kweli, toka siku hiyo uongee naye uso kwa uso, wewe uliyetuingiza huku.

Aliniacha nimalize. Halafu akanisukumia kigoda, akasema Mama Hibo, kaa.

Ndipo akanieleza. Mke wa Wabwile ni binti wa Dinah, na Dinah ni dada yake, tumbo moja. Kwao Wabukusu, mtoto wa dada yako ni mtoto wako, basi Wabwile ni mkwe wa Dinah na ni mkwe wa Lenah vilevile. Na mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia vichakani mama apite. Mama akiwa mahali, mkwe haingii. Choo cha mkwe, mama hakitumii, afadhali afe. Ndiyo sababu ya mwavuli na choo cha kanisani, miaka minne.

Nikamuuliza kama Wabwile anajua yuko pale.

"Anajua sana," akasema. "Unadhani ile honi ni ya nani? Ni yangu. Miaka minne anapiga honi, miaka minne nafunga mlango. Tumeheshimiana."

"Kwa nini hukuhama aliponunua?"

"Mimi nilikuwa hapa kwanza."

Wallahi nilijisikia mdogo. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza muda mrefu, na akili yangu ilikuwa tayari inakimbia. Nikamwuliza, je, siku ile akija kung'oa milango, na wewe usiingie ndani? Uso wake ulibadilika. Aliniambia nisimfundishe kuvunja nyumba ya mtoto wake. Kwamba aibu ya namna hiyo haimwangukii mwanamume peke yake, inamwangukia yeye, inamwangukia dada yake na yule binti, na watoto wa yule binti. Atakwenda Bungoma aongee na Dinah, jambo liishe kwa adabu.

Alikwenda Alhamisi akarudi Ijumaa. Nilimpelekea chai. Alikunywa yote ndipo akasema. Dinah alikuwa amemwambia kodi ya Kibomet ndiyo karo ya wajukuu wao, na kama Kitale imemshinda arudi kijijini apewe kipande cha shamba alime. Na akimwaibisha mkwe wao mbele ya wapangaji, asihesabu tena kwamba ana dada Bungoma. Hata siku ya kufa asitarajie kumwona.

Dada zangu wawili ndio wanaonishikilia duniani, na mimi ningeogopa vilevile. Siku zikaisha zenyewe, watu wengine wakaanza kufunga virago.

Jumatano asubuhi honi ililia mara tatu. Nikageuka kutazama namba saba. Komeo likaingia, kama kawaida. Nilikasirika, nakuambia ukweli. Wabwile akaingia na suti ya kijivu, kofia na viatu vyeusi vinavyong'aa, Nyongesa nyuma yake, na vijana sita wenye nyundo na mitaimbo. Akasimama katikati ya uwanja akatusomea ilani, ile sehemu yake ya katikati. Kisha akawaonyesha vijana waanze.

Walianza na namba moja. Fridah alikuwa amekaa kitandani na hakuinuka. Walipanda juu wakang'oa bati mbili, mwanga ukamwangukia kichwani, bado hakuinuka. Wengine wakaja kwangu, wakapiga bawaba mara tatu, mlango ukaanguka matopeni. Hibo akaanza kulia. Nilimwambia Wabwile maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, maana kuna watu wazima wanasikiliza.

Ndipo namba saba ikafunguka.

Lenah alitoka na kigoda mkono huu na ungo wa maharagwe mkono huu. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Hakumtazama Wabwile, wala hakututazama sisi. Alipita katikati ya uwanja polepole, akafika langoni, lango lile lile moja, akaweka kigoda katikati ya njia, akakaa akitazama barabara, mgongo kwetu.

Wabwile alikuwa anaongea akakatika. Nimeona watu wakiogopa polisi, na nyoka pia nimeona, lakini sijawahi kuona mtu akiogopa mgongo wa mama mzee. Alivua kofia. Akafunika uso nayo. Akageuka kushoto, kuna vyumba vya watu. Akageuka kulia, vyumba vya watu. Njia ya kutoka ni moja na mama mkwe wake ameikalia. Mahali pa kujificha palikuwa pamoja tu, nyuma ya choo. Akakimbilia huko, na huko ndiko kulikofurika, akazama na viatu vyake mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Vijana wake nyundo ziliganda mkononi. Karibu wote walikuwa watoto wa Bungoma, walijua wanachokiona. Mmoja tu, sijui wa wapi, aliuliza kwani ni nini, na mwenzake akamnong'oneza, akaweka mtaimbo chini taratibu kama mtu aliyeingia kwenye matanga bila kujua.

Lenah akaniita bila kugeuka. Ilibidi awepo mtu wa katikati, maana hata kuongea moja kwa moja hawawezi. Basi mimi nikawa mdomo wake, na Nyongesa akawa mdomo wa Wabwile, na tulikuwa tunapiga mbio kati ya lango na choo kama wendawazimu. Lenah alisema milango irudi mahali pake na bati zirudi, halafu ataingia ndani mkwe apite. Mimi nikapeleka, na nikaongeza yangu kidogo kuhusu suti. Nyongesa akaja na jibu kwamba Wabwile ataita askari. Lenah akasema aende akawaite. Nikapeleka hiyo pia, na huyo Wabwile na mimi tukajua kwamba hawezi kwenda popote.

Alikaa pale nyuma muda mrefu. Jua likapanda, na wewe unajua choo kilichofurika kikipigwa na jua kinakuwaje. Alivuta alichotuvutisha sisi tangu Aprili. Nilitaka Fridah aone, nikamwita, akatoka akasimama mlangoni mwake akatazama upande ule.

Mwishowe tukasikia nyundo, lakini sasa zinagongelea. Walirudisha mlango wangu, wakarudisha bati za Fridah. Nyongesa akaja na neno la mwisho la tajiri wake, amwambie mama kwamba atarudi.

"Mwambie nitakuwa hapa," Lenah akasema.

Akainuka, akaingia namba saba, komeo likalia. Wabwile akatoka amebeba viatu mkononi, akapita mbele yetu sote bila kuangalia mtu. Pikapu iliponguruma ikaondoka, mlango ulifunguka tena na Lenah akarudi langoni na ungo wake. Nilimwona anachagua maharagwe na machozi yanadondoka ndani ya ungo. Nikamwuliza kama anajuta. Akasema ndiyo, na nimwite Wakoli.

Wakoli aliitwa ili achimbe. Ilani ilisema choo kingine, basi tutapata choo kingine. Tuliwaomba ndugu wa ploti za jirani majembe na kamba, tukaanza kwenye kona ya chini kabisa, ng'ambo ya kisima, mbali. Wanaume ndani ya shimo, wanawake tunavuta udongo kwa ndoo, sufuria ya matanga inachemsha maji na uji. Tulichimba futi ishirini na mbili kwa siku sita. Siku zote hizo Lenah alikuwa langoni kuanzia alfajiri mpaka giza. Suam hakwenda. Siku ya pili Wabwile aliwatuma vijana peke yao bila yeye. Walifika, wakasalimia, wakauliza kama yule ndiye mama mkwe wa tajiri, wakaambiwa ndiye. Wakasema basi sisi hatujafika, wakarudi.

Siku ya kumi na mbili, tumeshamwaga zege na Wakoli amesimamisha kuta za mabati, nikaona mwanamke mmoja anashuka ng'ambo ya barabara na mkoba. Nilimjua kabla hajafika, alikuwa Lenah mwingine, mfupi kidogo. Dinah. Alikuwa ametoka Bungoma asubuhi, ametumwa na mkwe.

Hakusalimia. Alisimama mbele ya dada yake akaongea Kibukusu, harakaharaka, mkono ukipiga mkoba. Mimi sisikii lugha hiyo vizuri lakini hasira naisikia kwa lugha zote. Lenah aliendelea kuchagua. Halafu Dinah akakatika katikati ya maneno, akatazama huku na huku, akamwuliza dada yake kitu kwa sauti ya chini. Safari ya Bungoma ni ndefu, na yeye ni mtu mzima.

"Ni kile kule chini," Lenah akamjibu kwa Kiswahili, sisi wote tusikie. "Ingia bila wasiwasi. Tumechimba wenyewe kwa mikono yetu. Si cha mkwe."

Dinah alikwenda. Alikaa huko, akatoka, akanawa mikono kwa maji tuliyochemsha. Akazunguka, akatazama kisima, akatazama kile choo cha zamani kule juu, akatazama Hibo wangu aliyekuwa bado anatembea ameshika ukuta. Alirudi langoni akakaa kwenye jiwe. Hakusema tena habari ya mkwe. Akavuta ungo upande wake akachagua maharagwe kidogo. Gari la kurudi lilipokaribia aliinuka, akachukua mkoba, akaenda bila kwaheri. Hawakuongea tena mpaka mwaka wa elfu mbili na saba. Binti wa Dinah alipozaa mtoto wa nne, Lenah hakuitwa, akafuma sweta ya mtoto na ikakaa sandukuni. Sitaki mtu aseme ushindi ule haukumgharimu Lenah kitu.

Bwana afya alirudi na gamubuti zake, akapima umbali na tepu, akabandua ilani langoni mwenyewe. Choo cha zamani tukakifukia. Kisima tukakiziba, na baadaye tukasumbuana na manispaa mpaka mfereji ukafika. Watu wa ploti tatu za jirani walikuja kumwomba Lenah awafundishe tulivyoanza. Aliwaambia waanze kwa kuhesabu hatua. Ule mwavuli alimpa Fridah.

Sasa ni elfu mbili na nane, na tunasikia ile habari ya ghorofa imeamka tena. Juzi nilikuwa nakanda unga mlangoni, honi ikalia huko nje mara tatu, kama zamani. Nikageuka kutazama namba saba. Mlango ukafunguka, Lenah akatoka na kigoda chake.